Sufuria Mbili

Vikaratasi vya adui viliteremka asubuhi kutoka kwenye ndege, vyeupe, bila haraka, na kimoja kikatua ndani ya sufuria kubwa ya kambi. Mpishi alikiopoa kwa upawa, akakisoma huku kikichuruzika mchuzi. Palichorwa askari wawili wa majeshi yaliyokuwa yakipigana bega kwa bega: mgeni ana sahani iliyofurika nyama, mwenyeji anaguguna mfupa. Chini yake: “Wao wanashiba. Ninyi mnakufa.”

Mpishi alicheka. Lakini tangu majeshi yaungane, yeye, mwenyeji, alikuwa akiwapakulia wageni kwanza, kama alivyolelewa kwao. Mchana ule, kwa mara ya kwanza, macho ya wenzake yaliufuata upawa kila ulipozama na kuibuka. Aliwaeleza kwamba hukoroga mpaka chini kabla ya kila sahani. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mtu mwenye la kuficha.

Fundi wa magari wa jeshi la wageni alifika akitabasamu. Tangu aone picha ya dada wa mpishi, hakumwita mpishi kwa jina jingine ila shemeji.

“Shemeji, nasikia unanifichia minofu.”

Jana benchi zima lingeangua kicheko. Leo vijiko tu ndivyo vilivyosikika.

Jambo hilo lilimkera mpishi hata usingizi ukampaa. Asubuhi alileta sufuria mbili zilizolingana, akagawa nyama kipande kwa kipande mbele ya watu wote, akamkabidhi fundi upawa wa upande wa wageni. Sajini wa kambi alimsifu: sasa nani atanung’unika?

Hakunung’unika mtu. Ila palikuwa na foleni mbili, kisha mabenchi mawili, na kufikia siku ya nne kila upande ulimtuma mtu akachungulie sufuria ya wenzao. Walisema ile nyingine inanukia zaidi. Doria ya pamoja ilikosa watu wa kujitolea. Mpishi alimwendea sajini, akaomba warudie sufuria moja ya pamoja.

“Iache hivyo,” sajini alisema. “Angalau pametulia.”

Mpishi alirudi jikoni amefura. Vikaratasi vingine havikuwa vimedondoshwa tena, havikuhitajika. Kazi iliyobaki alikuwa ameimaliza yeye mwenyewe, kwa nia njema na vipimo sahihi.

Mchana fundi alikuja kuazima chumvi.

“Asante, mpishi,” alisema, akaondoka.

Mpishi alibaki akilitazama jina hilo la kazi yake kana kwamba ni kitu alichotupiwa mlangoni. Aliwapakulia watu wake hadi wa mwisho. Kisha akavua aproni, akachukua sahani tupu, akavuka uwanja na kusimama mkiani mwa foleni ya wageni. Nyuma yake benchi zima liligeuka kumtazama. Mbele yake migongo ilisogea, mmoja mmoja, mpaka wakabaki yeye na fundi wakitazamana.

“Nimekuja kula, shemeji,” alisema, akainua sahani.

Upawa wa fundi ulikuwa hewani, umejaa, ukidondosha mchuzi.