Kufuli la Choo cha Wageni

Mwalimu mkuu wetu alikuwa na funguo kumi na moja kwenye pete moja, na uliokuwa ukimpa kichwa kuliko zote ulikuwa wa choo.

Choo chenyewe kilikuwa kipya, matundu sita, milango ya bluu, na nje ndoo yenye koki ya kunawia. Kilijengwa kwa ajili ya watoto. Siku kilipokamilika, bwana mkubwa akaupiga kufuli mlango wa kuingilia, eti watoto watakichafua. Kikawa choo cha wageni, na wageni wenyewe walikuja mara mbili kwa mwaka.

Watoto mia tatu wakaendelea kujisaidia nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka jikoni kwangu. Mvua ikinyesha, uchafu wote unateremka hadi uwanjani wanakocheza peku. Kisha wanakuja kwenye foleni na mikono yao hiyo hiyo, nawapakulia.

Mimi ni mpishi tu. Kusoma nilikomea darasa la nne. Lakini pua ninayo.

Mjukuu wangu alikuwa darasa la pili. Tumbo likamvimba, miguu ikawa njiti, akawa anasinzia darasani. Siku moja akatapika mnyoo mbele ya wenzake, mrefu kama penseli, ukijinyonganyonga sakafuni. Nikaitwa ofisini.

"Mama, minyoo hii inatoka nyumbani kwenu," mwalimu mkuu akaniambia, leso puani. "Mfundishe mtoto usafi. Shule hii ina hadhi yake."

Hadhi! Nilivitazama viatu vyake vilivyong'aa, nikarudi jikoni haraka. Mdomo wangu ukifunguka, kuufunga ni kazi.

Wiki iliyofuata akaja muuguzi wa zahanati na dawa za minyoo. Kila mtoto akatafuna kidonge mbele yake. Mwalimu mkuu, ndani ya suti, akahutubia nusu saa kuhusu usafi, kisha akampeleka mgeni wake kuona choo. Nami nikafuata na ndoo yangu, nikijifanya nateka maji.

Muuguzi akachungulia ndani, akaokota sabuni. Bado ilikuwa na karatasi yake.

"Kizuri," akasema. "Hata buibui wamekipenda. Watoto wanakwenda wapi?"

Mwalimu mkuu akakohoa. "Tuko kwenye utaratibu."

"Utaratibu uko nyuma ya ukuta," nikasema mimi.

Muuguzi akaenda kuuona, akarudi amekunja uso. "Mwalimu, kidonge kinaua minyoo iliyomo tumboni leo. Mayai yake yamejaa kwenye udongo ule. Watoto wanayashika, wanakula nayo. Na kuna minyoo mingine inapenya kwenye nyayo. Bila choo, sabuni na viatu, nitaleta vidonge hapa mpaka nistaafu."

"Tutalifanyia kazi, dada."

Dada hajafika hata getini, kufuli likarudishwa.

Asubuhi yake nikachukua shoka la kuni. Mapigo matatu, kufuli likaanguka. Mwalimu mkuu akaja mbio, tai imerukia begani.

"Umeharibu mali ya umma!"

"Umma si hawa hapa?" Nikamwonyesha watoto, wengine wamebana miguu wasijichafue.

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze. Uji wa watu mia tatu uko motoni, mwiko ule pale. Vua koti."

Hakulivua. Walimu wenzake wakageukia ukuta, mabega yakiwatikisika kwa kicheko.

Tangu siku hiyo kila darasa lina zamu ya kusafisha choo. Ndoo ya kunawia nimeihamishia mbele ya sufuria zangu, na asiyenawa kwa sabuni hapati kitu, alie asilie. Kucha nazikagua mwenyewe. Wazazi wakajibana, kila mtoto akapata angalau kandambili. Muuguzi aliporudi kupima, wenye minyoo walikuwa wachache. Mjukuu wangu tumbo limenywea, na sasa ananijibu jeuri kama mtoto mzima wa afya.

Na mwalimu mkuu? Akawaandikia wakubwa wake kwamba, chini ya uongozi wake imara, vyoo vimefunguliwa kwa wanafunzi wote. Ikaja barua ya pongezi. Akaisoma mbele ya shule nzima mara mbili, na mara ya pili polepole, asije mtu akakosa kulisikia jina lake. Watoto wakapiga makofi, maana waliambiwa wapige.