Cherehani Kama Alivyoinunua

Karatasi ya talaka ilisema mume wangu Darcy apewe cherehani aliyoinunua. Sawa. Nilimpa hiyo hiyo.

Jumamosi nzima niliifungua. Nilitoa mota niliyoiweka mimi, ile inayotambaa ukitaka itambae, nikarudisha ya zamani isiyojua mwendo mwingine ila kukurupuka. Nikang'oa puli kubwa ya kupunguza kasi. Vyuma vya kukandamizia ngozi nilikuwa nimevisaga meno ili visiache alama. Navyo nikavitoa, nikafunga vya kwanza. Miaka kumi na moja ya akili yangu ikaenea kwenye boksi moja. Nililia, kwa hasira wala si kwa huzuni.

Jumatatu akaja na pikapu, na kwa makusudi kabisa akaongozana na Bi Verna, mwenye ranchi ya ng'ombe magharibi ya mji wetu wa Longreach, Australia, aliyetaka matandiko sita ya farasi. Darcy alikuwa anafungua duka mtaa wa pili. Kila tandiko nililoshona lilipigwa muhuri wa jina lake, kwa hiyo mji mzima ulimjua yeye kuwa ndiye fundi. Bi Verna akiagiza kwake, mimi nimekwisha.

"Janine, bado upo?" Darcy akasema. "Nilidhani umesharudi kwa mama yako."

"Mama hapendi mizigo. Ndiyo maana wewe hakukutaka."

Bi Verna hakucheka. "Nimekuja kuona kazi, sikuja kusikiliza ugomvi. Darcy, hebu shona kipande hapa nione."

Darcy akaketi kwa madaha, akaweka ukanda wa ngozi chini ya sindano, akakanyaga pedali kwa nguvu zote. Cherehani ikaruka. Ukanda wote ukamezwa kabla hajatoa mguu, na kidole chake cha shahada kikafuata. Sindano ikapenya ukucha, ikasimama humo humo.

"Mamaaa! Janine! Kanyaga tena! Kanyaga itoke!"

Sikusogea. Nakiri nilifurahi, na furaha ile sijaitubia mpaka leo.

Bi Verna, anayejishonea mwenyewe maturubai ya ranchi, ndiye aliyezima swichi. Akashika gurudumu la pembeni, akalizungusha taratibu kwa mkono hadi sindano ikapanda. Darcy alilitumbulia macho gurudumu lile, maana hakuwahi kujua kazi yake.

"Ningekanyaga, ingekushona mpaka kiganja," Bi Verna akamwambia. "Hata mpishi wangu anajua hilo."

"Imechezewa! Huyu mwanamke ameiharibu!"

"Soma karatasi yako," nikasema. "Ndivyo ulivyoinunua."

Bi Verna akanigeukia. "Tandiko langu nimelikalia miaka tisa. Alilishona nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilikuwa nimejiandalia matusi ya kila aina kwa asubuhi ile, na yote yakanipotea.

"Mimi," nikasema.

"Basi nishonee sita. Na uweke jina lako."

"Sina cherehani sasa."

"Tafuta nyingine. Nitasubiri."

Darcy alikuwa amefunga kidole kwa leso, damu inachuruzika hadi kwenye kiwiko. "Nisaidieni basi kuipakia," akasema.

Bi Verna akavuta kiti, nami nikavuta changu. Tukakaa kumwangalia akihangaika nayo kwa mkono mmoja.