Krispi za Mheshimiwa

Jumapili, saa nane mchana. Katoni sita za krispi za viazi zilishushwa kutoka kwenye gari la Mheshimiwa Wachira, mwakilishi wa wadi, zikapangwa mbele ya madhabahu ya kanisa la mabati nje ya mji wa Kajiado. Harambee ilikuwa ya Soipan, msichana ambaye figo zake zilikuwa zimekufa na ambaye alisafishwa damu kwa mashine, kila wiki, kwenye kliniki moja Kitengela.

"Pesa nitatuma," Mheshimiwa alisema kwenye maikrofoni. "Leo nimeleta kitu ya kuanzisha mnada."

Katee, aliyeendesha mnada, aliinua pakiti ya kwanza. Kama kawaida, mnunuzi ndiye angechagua mtu wa kulishwa alichonunua. Mheshimiwa alinunua pakiti yake mwenyewe.

"Nataka mgonjwa wetu aile hapa mbele. Mtu wa picha ako wapi?"

"Mheshimiwa, huyu hakulangi chumvi," alisema Ruth, mamake Soipan.

"Moja tu, mama. Kwani moja itamuua?"

Kanisa likacheka. Soipan akala moja, picha ikapigwa, pakiti ikabaki mkononi mwake.

Kwa miezi minane chumvi haikuwa imeingia katika sufuria yao. Ruth alikataa kujipikia chakula tofauti. Alikula alichokula bintiye. Sala ya kufunga harambee ilipoanza, Soipan alikwenda choo cha nyuma na ile pakiti, akajifungia, akala krispi zote. Alilamba vidole, akaipasua pakiti akalamba ndani. Kisha alikunywa maji ya mfereji mpaka tumbo likamuuma.

Jumanne, Opiyo, nesi wa kliniki, alimpandisha kwenye mizani.

"Kilo nne juu, Soipan. Umekunywa bwawa?"

"Ni joto."

"Joto haileti kilo nne. Chumvi ndiyo inaleta kiu. Umekula nini?"

Kabla hajajibu, Ruth aliinuka kwenye benchi.

"Daktari, usimgombeze. Mimi ndiye napika. Niliomba mboga kwa jirani, labda walikuwa wameweka chumvi. Hiyo makosa ni yangu."

"Mama, utaua mtoto."

"Nimesikia. Sitarudia."

Soipan alitazama miguu yake iliyovimba ndani ya ndara. Mashine ikawashwa.

Mchango wote uliishia kliniki siku hiyo. Simu ya Mheshimiwa iliita bila kushikwa, baadaye ikawa haipatikani. Mbuzi wa mwisho alikuwa ameuzwa tangu kiangazi. Ijumaa unga uliisha. Chini ya kitanda zilibaki katoni mbili ambazo mnada haukupata wa kuzinunua.

Ruth alifungua pakiti nne, akamimina krispi kwenye beseni, akatia maji. Alizisugua taratibu kwa viganja, kama anayeosha mchele, akamwaga maji, akatia mengine. Mara ya tatu zilikuwa zimelegea, zinakatika mkononi. Alizikamua, akaziweka kwenye sahani moja.

"Onja," alisema. "Uniambie kama imetoka."

Soipan alionja. Chumvi ilikuwa bado imo.

"Imetoka, yeyo," alimwambia mamake.

Ruth alimsogezea mwanawe sahani yote. Soipan akala.