Chupa za Kahawia

Pale kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia meneja hadi mfagiaji, wote walimwita Darubini. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekalia kiti kile kile kirefu mbele ya taa nyeupe, chupa zikimpita moja moja kwenye mkanda, na mkono wake ukichomoka kama ulimi wa kinyonga kuinyaka yenye kasoro. Kiputo cha hewa ndani ya kioo, mdomo uliopinda, ufa mwembamba kuliko unywele, vyote alivikamata. Wenzake walimtania kwamba mumewe hawezi kumficha kitu, hata wazo.

Siku moja msimamizi wa zamu aliwakusanya wakaguzi wote sita akawaambia kwamba kamera nane zingefungwa juu ya mkanda, na kompyuta yenye akili mnemba ingejifunza kukagua chupa.

"Ikishajifunza, sisi tunakwenda wapi?" aliuliza mkaguzi wa kiti cha pili, mwanamke mcheshi ambaye Darubini alimwita shoga tangu walipoajiriwa pamoja.

"Tutaangalia," msimamizi akajibu, akafunga daftari lake.

Aliyekuja na mashine alikuwa mhandisi, mwanamke wa rika la binti yake wa mwisho, asiyejua kukaa kimya wala kukaa chini. Siku ya kwanza tu alimfuata Darubini pale pale kitini.

"Mama, mashine hii haijui kitu. Inahitaji mtu wa kuifundisha, na kila ninayemuuliza ananitajia wewe."

"Yaani nimfundishe anayekuja kukalia kiti changu?"

Mhandisi hakukwepa. "Ndiyo, mama. Sitakudanganya."

Jibu hilo ndilo lililomlainisha. Kwa wiki tano, kila siku baada ya chakula cha mchana, alikaa katika chumba kidogo kando ya ofisi akioneshwa kwenye skrini picha za chupa, nyeupe na za kahawia. Chupa nzima, alibonyeza kitufe cha kijani; mbovu, chekundu. Picha elfu tisa zilipita hivyo. Mashine haikuelezwa ufa ni nini wala kiputo ni nini. Ilitazama tu alivyochagua yeye, picha baada ya picha, mpaka nayo ikaanza kuchagua. Mara ya kwanza ilipopatia mia kwa mia kwenye chupa nyeupe, Darubini alijikuta anapiga makofi, kisha akaona haya, akaficha mikono chini ya meza.

Siku ya majaribio ilipowadia, chupa zilizopitishwa na mashine zilipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha kupimia presha, ambako siku za kawaida zilipimwa chache tu. Nyeupe zilitoka salama. Zikaingia za kahawia, mia mbili. Ya kwanza kupasuka iliwashtua watu. Ilipopasuka ya nne, wakaguzi wakaanza kutazamana. Ilipofika ya kumi na moja, shoga yake aliruka na kumkumbatia.

"Imefeli! Mashine imekula mwereka! Darubini ni mmoja tu duniani!"

Meneja hakucheka. Alimpa mhandisi hadi Ijumaa aeleze kulikoni, la sivyo afungashe kamera zake aende nazo.

Jioni hiyo Darubini alirudi nyumbani kifua mbele. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akishona koti barazani. Akasikiliza habari yote, akacheka, kisha akanyoosha mkono bila kuinua uso.

"Nipe uzi mweusi hapo, mama watoto."

Akampa.

"Nimesema mweusi."

"Si huo?"

"Huu wa kahawia." Mumewe aliusogeza uzi karibu na taa, akamtazama mkewe, na safari hii hakutania. "Juzi pia ulinipa huu huu. Nikanyamaza."

"Baraza lako lina giza," Darubini akasema, akaingia ndani.

Alhamisi mhandisi alimwita kwenye kile chumba kidogo na kufunga mlango. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Nimebadilisha taa. Nimebadilisha kamera. Tatizo haliko huko, mama. Kamera inauona ufa." Akafungua picha kwenye skrini. "Hapa unaona nini?"

"Chupa ya kahawia. Nzima."

Mhandisi akaikuza picha, akaikuza tena, mpaka shingo ya chupa ikajaa skrini nzima. Ufa ulikuwa pale, umezunguka shingo kama uzi.

Darubini aliisogelea skrini. "Hii nilibonyeza kijani?"

"Hii na nyingine mia tatu na kumi na mbili. Zote za kahawia. Mashine imeshika ulichoifundisha." Sauti yake ikashuka. "Sijamwambia mtu. Nimekuja kwako kwanza."

Darubini akaziba jicho la kushoto kwa kiganja. Skrini ikawa kama dirisha lenye mvuke. Akaziba la kulia. Ikawa afadhali, lakini si sana. Lini ilianza? Hakujua. Alikumbuka kwamba kwa muda mrefu alikuwa akilaumu taa, akilaumu vumbi, akilaumu baraza la mumewe. Tena alikumbuka jinsi alivyofurahi siku zile chupa zilipopasuka, na sasa furaha ile ilimchoma.

Angeweza kunyamaza. Mhandisi angeondoka na kamera zake, na viti sita vingebaki na wenyewe. Lakini kabla ya kamera hizo, chupa za kahawia zilikuwa zikipita mbele ya nani? Zilikuwa zimekwenda wapi? Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa akiishika mojawapo shingoni na kuifungua. Wazo hilo halikumpa nafasi.

Ijumaa, kabla meneja hajamaliza kumuuliza mhandisi, Darubini alisimama.

"Mashine haina kosa. Kosa ni langu, yenyewe imelirithi tu. Macho yangu hayaoni vizuri, na sikutaka kujua."

Mlio wa mkanda ulisikika kutoka chini. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Ndipo shoga yake akasema, "Basi Darubini yetu imeingia ukungu. Ifutwe," na watu wakapata pa kuvutia pumzi.

Siku hiyo hiyo meneja aliagiza chupa zote za kahawia zilizokuwa ghalani zipimwe upya, na zilizokwisha kutoka zirudishwe. Hospitalini nako Darubini aliambiwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili.

"Mtoto?" mumewe akasema. "Na mimi nilidhani tumemaliza kuzaa!" Lakini siku ya upasuaji alifunga cherehani yake, akakaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi, bila kutania mtu.

Aliporudi kazini, Darubini aliomba picha zote za kahawia zirudiwe. Safari hii alikuwa na sharti: watazame wakaguzi watatu, kila mmoja peke yake, bila kuoneshwa majibu ya mwenzake. "Isijifunze kwa mtu mmoja tena," alimwambia mhandisi, "hata mtu huyo akiwa mimi." Alipoziona upya picha zake za zamani, nyingine zilimfanya ashike kichwa.

Mashine ilifaulu. Mhandisi akaenda kwenye kiwanda kingine. Wakaguzi watatu walihamishiwa kwenye kufungasha, mmoja akaacha kazi, na Darubini na mwenzake mmoja wakabaki katika kile chumba kidogo, wakiamua zile picha ambazo mashine yenyewe ilizitilia shaka. Zilikuwa chache, ila kila moja ilitaka muda.

Shoga yake alikuwa miongoni mwa waliopelekwa kufungasha. Siku moja mchana walikutana bombani, wakinawa mikono.

"Ungenyamaza," shoga akasema, si kwa hasira, "tungekuwa bado kwenye viti vyetu."

"Najua."

"Nami ningekuwa wewe, sijui ningefanyaje."

Darubini alimtazama. Aliona nywele nyeupe mbili tatu juu ya sikio la rafiki yake, na mkwaruzo mpya wa boksi kwenye kidole gumba. Alimpa upande wa taulo lake. Wakajifuta, wakatafuta kivuli, wakala pamoja.