Uzi wa Epifanio

Marehemu mume wangu Epifanio aliniachia samaki wawili wa duara kama visahani, aliowavua mwenyewe mwaka wake wa mwisho, na uzi mweusi wa kushonea. Uzi huo aliufunga mbele ya bomba linalorudisha maji kwenye tangi la kioo. Alisema uzi ukiinama, mkondo unatosha. Ukipepea, samaki hawa wanateseka, maana kwao ni maji yaliyotulia katikati ya mizizi.

Miaka mitatu mayai yao yaliota ukungu. Niliomba. Wiki ya Pasaka yakaanguliwa, na vifaranga vikahamia ubavuni mwa wazazi, vikila ute wa ngozi zao. Hawana chakula kingine siku za mwanzo. Nilitaka wakue kuliko nilivyotaka magoti yangu yapone.

Ndipo mwanangu Valdenor akaja kwa boti kutoka mjini Manaus. Hakufika kumzika baba yake. Sasa amebeba zawadi, mtungi mpya wa kuchujia maji ya tangi. Wetu wa zamani ulisukuma lita mia sita kwa saa. Huo, elfu mbili. Nilimwambia ni mkubwa mno kwa tangi letu. Akasema muuzaji kamhakikishia kwamba mkubwa ndio unaosafisha. Nilimtazama usoni, alikuwa kama mtu anayeomba radhi bila kusema, nikashindwa kukataa.

Tukaufunga. Niligeuza matundu ya bomba yaelekee kioo cha nyuma, nikauvika sponji mdomo wa kuvutia maji, vifaranga visifyonzwe, kisha nikabana koki ya upande wa kutokea hadi uzi ukainama tu.

"Mama, maji yamelala haya," akasema. "Mbu watafikiri wamejengewa nyumba."

"Koki hiyo usiiguse, mwanangu. Siku kumi tu."

"Sawa, bosi wangu."

Jumapili nikaenda misa. Niliporudi, kabla sijavua mtandio, niliuona uzi kutoka mlangoni. Umenyooka, unapepea.

Maji yalikuwa yanang'aa kweli. Valdenor ameketi mbele ya tangi akingoja nimsifu. Sponji ameivua, eti ilikuwa inapunguza nguvu. Nilichomoa waya wa umeme, nikafungua mtungi. Vifaranga walikuwa humo, wamenata kwenye pamba ya kuchujia kama ufuta.

Alichungulia ndani.

"Mama, si samaki tu? Mto umejaa."

"Mto umejaa," nikamwambia. "Baba yako hayumo."

Nilimpakulia tambaki, samaki wa mtoni, na unga wa muhogo. Alikula bila kuinua kichwa. Kesho yake akapanda boti na mtungi wake. Niliufunga mwenyewe kwenye boksi, vizuri, usije ukavunjika njiani.

Padri ananiuliza kama nimemsamehe. Kusema uongo mbele yake siwezi, kwa hiyo namwambia bado naomba.

Nimerudisha mtungi wa zamani. Uzi umeinama sawasawa. Wale wawili bado wamesimama pamoja, ubavu wazi, wanangoja kuliwa.