Mzuzu wa Mke Mdogo

Mwanakhamisi hakumchukia Jaha kwa ubaya wake. Angekuwa mbaya, angempenda. Alimchukia kwa sababu alikuwa mpole, mwenye shingo ndefu, kaolewa juzi tu mwezi wa Shaabani kutoka Kalenga, na tayari Mrisho, mume wao, alikuwa akicheka nyumba ndogo kicheko ambacho nyumba kubwa ilishakisahau.

Kilichombakia bi mkubwa ni kimoja tu: futari ya baba mkwe. Kila kumi la mwisho la Ramadhani Mzee Bushiri alitoka Iringa akaja Mbeya kwa mwanawe, na kila magharibi alifuturu mzuzu wa nazi wa Mwanakhamisi, ndizi ya kupika iliyo tamu kuliko zote. Mwaka huu wangepika wawili. Masinia yangekaa kwenye mkeka mmoja, na mzee mwenyewe angesema atafuturu kwa nani mpaka mwezi uandame.

Asubuhi ya siku aliyofika mzee, Mrisho alishuka kwenye lori la Tukuyu na mikungu miwili mibichi, akaitua stoo ya nyumba kubwa.

"Mmoja mzuzu, mgawane. Mwingine wa kuivisha, tule Idi," alisema, akawahi dukani.

Mgawane! Mwanakhamisi aliona mzuzu wote uwe wake, na huyo binti aliyekulia ugali apelekewe ndizi za Idi, aambiwe ndio mzuzu. Atajuaje?

Sasa, mpenzi msomaji, na yeye alijuaje? Kwa miaka yote Tusajigwe, mama muuza ndizi, ndiye aliyemletea mzuzu mlangoni, umeshachambuliwa. Kupika alijua sana, kuchagua hakuwahi. Akaitazama ile mikungu, yote kijani. Mmoja ulikuwa na chana mbili tu, vidole vichache, virefu, vyenye pembe na vimepinda vibaya. Wa pili ulijaa ndizi nono, laini, zimebanana. Wivu ukamchagulia: kizuri ni kile kilichonona. Akaufunika ule mnene kwa gunia, akamwita mwenzake.

"Chukua huu, mdogo wangu. Ndio mzuzu hasa."

"Wote, Dada?"

"Wote."

Alasiri Mwanakhamisi alipoanza kumenya, kisu kilisita. Mzuzu, hata mbichi, ndani una wekundu wa mbali. Hizi zilikuwa nyeupe pe. Kumbe mzuzu alishautoa kwa mkono wake mwenyewe. Bado palikuwa na muda, ni kuvuka ua tu na kusema, "Mwenzangu, nimekosea." Akachungulia. Jaha alikuwa ameinama jikoni kwake, anaimba, na shingoni ana ule mkufu mpya. Mwanakhamisi akarudi kwenye kigoda, akaongeza tui.

Tui halikuokoa kitu. Ndizi zilipondeka, zikawa uji.

Baada ya adhana wanaume walikaa mkekani. Mzee Bushiri alionja sinia la nyumba kubwa, akalisogeza pembeni kwa adabu. Akaonja la pili. Akaendelea. Akaramba vidole.

"Huu nani kapika?"

"Mimi, baba," Jaha alijibu mlangoni, kichwa chini. "Lakini sifa si zangu. Dada ndiye aliyenipa mkungu. Alisema niuchukue wote, ndio mzuzu hasa."

Mrisho alilitazama lile sinia la uji, akaelewa alivyoelewa yeye. "Kumbe umepika zile za Idi," alimwambia mkewe mkubwa taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu harusi ya Jaha alimtazama kwa macho ya zamani. "Umejinyima, ukampa mwenzio."

"Allah akuzidishie, mwanangu," mzee alisema. "Wake wenza wangapi wangefanya hivi? Nami sitautupa wema wako. Kwa kuwa umemwachia mdogo wako chungu cha futari, basi Ramadhani hii nitafuturu kwake."

Mwanakhamisi alifungua kinywa. Akisema kweli, atapoteza yale macho ya Mrisho. Akinyamaza, kapoteza futari.

"Amina, baba," alisema.

Masinia yalipoondolewa, Jaha alimfuata uani na bakuli lililofunikwa kawa.

"Nimekuwekea, Dada. Hujaonja hata kidogo."

Akala amesimama, mwenzake akimtazama kwa furaha. Mzuzu ulikuwa umeiva vizuri, chumvi yake sawa, nazi yake sawa. Hakuona kasoro hata moja, na alitafuta.