Bi Tone na Ukoo wa Mtikisiko

Chumba walichompa kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika, chenye dirisha moja lililotazamana na jenereta. Mkuu wa idara alimkabidhi ufunguo kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake pole.

"Daktari, huu utafiti wa jeni ni anasa. Sisi hata homa za kawaida hatujazimaliza."

"Nashukuru kwa chumba, Mkuu," alijibu. "Naomba na soketi ya pili."

Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na minane, ametoka masomoni ng'ambo, na nchi nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kusoma vinasaba vya binadamu kwa mikono yake mwenyewe. Walimwita Bi Tone. Kila alipokaa mbele ya mtu na sindano alisema, "Tone tu, ndugu yangu, tone tu," kisha akajaza chupa nzima. Msaidizi wake alikuwa fundi wa maabara aliyekaribia kustaafu, ambaye korido yote ilimwita Mjomba ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja mle.

Ugonjwa aliouchagua haukuwamo kwenye vitabu vyake. Wenye nao waliuita mtikisiko. Mtu akishapita miaka arobaini, miguu inaanza kumsaliti, anatembea kama aliyesimama juu ya godoro. Baadaye mikono, mwishowe ulimi. Seremala mmoja alikuwa amekufa nao, akaacha mjane na watoto sita. Baba yake na dada zake wawili nao walikwenda hivyohivyo. Kila mtoto wa mgonjwa alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi, na hapakuwa na njia ya kujua mpaka siku miguu itakapoanza.

Aliyeteseka zaidi kwa kusubiri alikuwa kitinda mimba wa seremala, fundi saa wa miaka thelathini na minne. Asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake, alishika skrubu ndogo kuliko zote kwa kibanio, akaitazama huku akihesabu mpaka mia, aone kama itatetemeka. Alikuwa na mchumba, mwalimu wa chekechea, na mara tatu alikuwa amemwambia atafute mwanamume mwingine.

"Nitaondoka nikichoka," mwalimu alimjibu mara zote tatu. "Sijachoka."

Bi Tone alizunguka kwa ndugu wote wa ukoo ule na sanduku la barafu begani, akapata damu ya watu arobaini na watatu. Kazi ilikuwa ya polepole. Vinasaba vilikatwa vipandevipande, vikapitishwa kwenye jeli kwa umeme, vifupi vikitangulia chini na virefu vikibaki juu, na mwisho picha ikatoka kwenye filamu kama ya eksirei: mistari myeusi, miwili kwa kila mtu, mmoja wa mama na mmoja wa baba. Mstari uliofuatana na wagonjwa ndio ungemwonyesha jeni mbaya imejificha upande gani.

Baada ya mwaka na nusu picha ilikaa sawa, isipokuwa kwa mtu mmoja. Fundi saa alikuwa na mstari ambao mama yake hakuwa nao. Bi Tone alikuwa ameshaijua mistari ya marehemu seremala kutokana na ndugu zake na wale watoto watano wakubwa, na huo haukuwa wake. Akadhani chupa zimebadilishana. Akarudia kipimo. Akaenda kibandani kuchukua damu nyingine, akarudia kwa alama nne tofauti, yaani sehemu nne nyingine za vinasaba. Jibu likawa lilelile.

Mjomba aliinua filamu dirishani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Daktari, huyu baba yake si seremala."

"Funga mdomo, Mjomba."

"Nimeshafunga."

Bi Tone alikaa juu ya kiti chake kirefu, filamu mapajani. Kama fundi saa hakuzaliwa na seremala, basi mtikisiko haukumhusu hata chembe. Mtu aliyekuwa akihesabu mpaka mia kila asubuhi alikuwa huru tangu alipozaliwa, na ni watu wawili tu duniani waliolijua hilo, wote wamo stoo. Lakini kumwambia alivyojua kungekuwa kumvua nguo mama yake mbele ya watoto sita.

Wiki ileile fundi saa alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Dada daktari, umeona chochote?"

Bi Tone aliigeuza filamu kifudifudi mezani. "Jeni yenyewe sijaipata. Siku nikiipata, nitampima kila mtu peke yake, bila kuangalia nani mtoto wa nani. Nipe muda."

"Muda ndio ninaouogopa," alisema, akajaribu kucheka. "Na kazi yangu ni saa."

Mkuu wa idara alitaka matokeo yachapishwe upesi, na mchoro wa ukoo mzima, kwa kuwa watafiti wa ng'ambo wenye mashine za kisasa walikuwa wakiufukuzia ugonjwa huohuo. Bi Tone alijua kwamba yeyote mwenye ujuzi angemwona kitinda mimba kwenye mchoro ule. Kumwondoa yeye peke yake kungekuwa kumnyooshea kidole, kwa hiyo akawaondoa ndugu wote sita. Ushahidi ukapungua, jarida likaurudisha utafiti na sentensi mbili za kumkatisha tamaa.

"Umejikata mguu mwenyewe!" Mkuu alifoka. "Kwa nini?"

"Data yao ina kasoro," alijibu, na hakuongeza neno.

Akapiga moyo konde, akaanza kuitafuta jeni yenyewe. Ilimchukua miaka mitatu. Ufunguo ulikuwa katika jambo ambalo wengine walilichukulia kuwa uchafu wa jeli: kwa wagonjwa, mstari mmoja ulikaa juu kidogo ya pale ulipotakiwa. Mjomba alishalalamika kwamba jeli zimemwagwa vibaya. Bi Tone akapanga filamu za babu, binti na mjukuu wa tawi moja, akaona mstari unapanda kila kizazi. Akakumbuka walivyomwambia wanawake wa ukoo ule, kwamba watoto huugua mapema kuliko wazazi wao.

"Mjomba, si uchafu! Inarefuka!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mahali pamoja kwenye jeni, herufi tatu za vinasaba zilijirudia kama maneno ya mtu mwenye kigugumizi. Kwa wazima zilijirudia mara ishirini hivi, kwa wagonjwa zaidi ya hamsini. Safari hii jarida lilikubali bila maswali. Wale wa ng'ambo walifika miezi saba baadaye, na barua yao ya pongezi Mjomba aliibandika kwenye mlango wa friji.

Kipimo kikawa wazi kwa anayetaka. Kati ya ndugu sita, wawili walikataa kujua, na Bi Tone hakuwabembeleza. Fundi saa alikuja na mwalimu wake wa chekechea, wakakaa bega kwa bega.

"Huna," Bi Tone alimwambia kabla yeye mwenyewe hajakaa. "Herufi zako zinajirudia mara kumi na tisa upande mmoja, ishirini na mbili upande wa pili. Tazama mwenyewe, mistari yote iko chini."

Fundi saa alitazama, akainamisha uso kwenye bega la mchumba wake. Mwalimu ndiye aliyesema, "Sasa ndoa. Tena mwezi huuhuu."

Siku chache baadaye alikuja mjane wa seremala, peke yake, asubuhi, akakaa bila kuvua mtandio.

"Mwanangu, mashine zako zinaona mambo mengi."

"Zinaona ninachoziuliza, mama."

"Na mengine?"

"Mengine hayakuwa swali langu. Wala hayamo kwenye karatasi yoyote."

Mama yule alivuta kiti mbele. Kisha akamshika Bi Tone kiganja, akakibusu, akaondoka.

Tangu hapo, kabla ya sindano, Bi Tone aliwauliza watu swali ambalo hakuna maabara aliyoijua iliyokuwa ikiliuliza: "Damu yako inaweza kuniambia jambo ambalo hukuniuliza. Nikisikia, niseme au ninyamaze?" Wanafunzi wake walilichukua swali lile wakaenda nalo kwingine.

Kipimo cha dada mkubwa wa fundi saa kilikuwa kimeonyesha marudio hamsini na nne. Alipoanza kuyumba, Bi Tone hakuwa na dawa, na alimwambia hivyo usoni. Lakini kila mwezi alikwenda kumwona, akampima hatua zake sebuleni, kutoka mlangoni hadi kwenye kabati, akaziandika.

"Unaziandika za nini, wakati tunajua zinakoelekea?" dada alimuuliza siku moja, ulimi umeshaanza kuwa mzito.

"Atakayeipata dawa atataka kujua inarudisha hatua ngapi," alijibu. "Haya, mara moja zaidi. Nishike mkono."